Nilivyompeleka Mama Yustina Kuimbia Filamu Bubu

Wenzangu wa pale shuleni, na ninyi wengine mliokuja kunisindikiza siku lori lilipoondoka, najua nimewakwepa tangu nirudi. Kila mkiniuliza, "Mwalimu, Dar ilikuwaje?" najibu, "Nzuri," halafu naingia darasani hata kengele haijagongwa. Nasikia baadhi yenu mnasema nimeanza majivuno kwa kuwa filamu yangu imekubaliwa. Si majivuno, ni aibu. Nimeona niwaandikie safari yote, kituo kwa kituo, maana nikijaribu kuisimulia kwa mdomo nafika Mbeya nakwama.

Habari za vibali na kuomba likizo naziacha. Hizo mmezisikia mwaka mzima nikizilalamikia. Mnajua pia jambo lenyewe lilivyoanza: padre aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja aliniachia kamera yake ya kukaza kwa ufunguo, pamoja na mikanda michache, nami wakati wa mavuno nikaenda nyumbani Mwimbi nikapiga filamu ya wanawake wakipura ulezi. Picha ilitoka vizuri, lakini ilikuwa bubu.

Kule Dar kulikuwa na kamati iliyowasaidia watu wanaotengeneza filamu peke yao, wasio na kampuni wala ofisi nyuma yao. Ikakubali niende kuionyesha. Wakiipenda, wangeiwekea sauti, wangenipa mikanda mipya, na magari ya sinema yangeizungusha vijijini. Wasipoipenda, kamera ingerudi kabatini na kukaa humo, kwa sababu sikuwa na pengine pa kupata hata mkanda mmoja.

MWIMBI

Kabla ya yote nilirudi Mwimbi nikawaonyesha wanawake wenyewe filamu yao, kwenye ukuta wa darasa. Mwanzoni walicheka kwa kujiona. Halafu kicheko kikaisha, na bila sauti ile picha ikaanza kuonekana kama watu wanaoipiga ardhi kwa chuki. Nilianza kutokwa jasho. Ndipo Mama Yustina, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akaanza kuimba ule wimbo aliokuwa akiuimba siku ile uwanjani. Picha ikapata uhai hapo hapo. Fimbo zikawa zinashuka pamoja na sauti yake, hata makapi yaliyokuwa yanaruka yakawa na maana.

Wale msiomfahamu, Mama Yustina ni mwanamke aliyepita miaka hamsini, mrefu, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya bonde. Ndiye anayeongoza nyimbo kwenye viwanja vya kupuria kuanzia Mwimbi mpaka karibu na Matai. Watu wanampenda na wanamwogopa, kwa sababu nyimbo zake hutungwa pale pale, na aliyefanya kosa wiki hiyo humo ndimo anamotiwa. Mwenyekiti mmoja wa kijiji aliyejificha kivulini wakati wenzake wanalima shamba la ujamaa alitiwa kwenye wimbo, na hadi leo watu wanamwita Bwana Kivuli.

Nilimkuta nyumbani kwake anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja na lile jicho lako?"

"Leo nimeliacha. Nimekuja kukuomba twende wote Dar es Salaam. Filamu ikionyeshwa, wewe uimbe."

Akaacha maharage. "Huko wanapura ulezi?"

"Hapana."

"Wanajua Kifipa?"

"Hata kidogo."

"Basi nitaimba chochote ninachotaka," akasema, akacheka mpaka kuku wakakimbia.

Mume wake, Mzee Sisti, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa anachonga mpini wa jembe. Alisema jambo moja tu: "Mwalimu, umrudishe kama ulivyomchukua."

Nikasema, "Ndiyo, baba," haraka, kama mtu anayeitikia salamu.

SUMBAWANGA HADI TUNDUMA

Mliona wenyewe tulivyoondoka, tumekaa juu ya magunia ya mahindi, Mama Yustina amevaa kitenge kipya na katambuga zake za tairi, amepakata fungu la migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa kwa moshi, na kifuko cha kumbikumbi wa kukaanga. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Baada ya Laela tulikuta barabara imegeuka uji mweusi. Lori likazama upande mmoja na kutulia.

Dereva alikuwa Mnyakyusa mnene, mwenye utani. Alishuka, akatazama magurudumu, akasema, "Ndugu abiria, ujamaa unaanzia hapa." Tukashuka sote. Tukasukuma, lori halikutikisika. Kila mtu alisukuma kwa wakati wake, wengine wakipiga kelele tu. Wanaume wawili wakaanza kugombana juu ya nani hasukumi.

Mama Yustina alivua katambuga, akazipanga vizuri kwenye majani, akaingia matopeni. Akaanza kuimba. Hakuimba kwa nguvu mwanzoni. Akamtia dereva kwenye wimbo, tumbo lake, na jinsi lori lilivyokataa kumbeba. Wafipa wote wakaangua kicheko na kuitikia, na wasiojua lugha wakafuata mapigo. Kila mwitikio tulisukuma kwa pamoja. Lori likatoka kama jino.

"Mama huyu ni nani?" dereva akaniuliza, tope limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Ni msanii," nikajibu. "Tunakwenda Dar kuonyesha filamu. Ndiye mwimbaji wangu."

Kumbukeni nilivyojibu hapo, maana nilijibu kwa kifua mbele. Tulipofika Tunduma tukala wali na maharage kwa mama ntilie mmoja karibu na mpaka. Dereva alikataa kula mpaka Mama Yustina amtafsirie yote aliyoimba juu ya tumbo lake. Alipotafsiriwa alicheka kuliko sisi.

MBEYA

Mbeya tulifikia kwa rafiki yangu Ambilikile, niliyesoma naye chuo cha ualimu. Siku hizi ameacha kufundisha, ni ofisa wa serikali, ana nyumba yenye sakafu inayong'aa na redio kubwa juu ya kabati. Siku hiyo mke wake alikuwa na wageni, akina mama majirani zake, wamevaa vizuri, wanakunywa chai.

Mama Yustina aliingia, akachuchumaa mlangoni, akapiga makofi ya taratibu kuwasalimu, kama inavyosalimiwa kwetu mtu mwenye heshima. Wale akina mama wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kikombe. Mke wa Ambilikile akasema, "Inuka, mama, inuka, hapa hatuchuchumai," na nadhani alisema kwa wema, lakini wote wakacheka.

Mama Yustina akainuka, akacheka nao. Mimi peke yangu sikucheka. Nilihisi joto linapanda kutoka shingoni, na joto lile sikulielekeza kwa waliocheka, nililielekeza kwake. Nikaanza kuona katambuga. Nikaanza kusikia harufu ya migebuka ndani ya ile sebule. Kumbe vitu hivyo nilikuwa navyo tangu Sumbawanga na havikuwahi kunisumbua.

Jioni Ambilikile alinivuta nje.

"Deo, filamu yako ni nzuri, sina shaka. Lakini watu wa Dar huwa wanaangalia mtu anavyofika. Huyu mama wa nini?"

"Anaimba."

"Si ungeazima gramafoni ukaweka muziki wowote?" Akanigusa bega. "Nakwambia kama ndugu. Wakimwona yeye, watadhani na wewe ni hivyo hivyo."

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limetoka kinywani mwangu siku ileile kule matopeni. Nikamwambia, "Tutaona."

TRENI

Tulipanda daraja la tatu. Behewa lilijaa watu, ndizi na watoto, na tukabahatika kupata viti vinavyotazamana karibu na dirisha. Mbele yetu alikaa kijana mmoja mwenye suruali ya bugaluu na ndevu zilizochongwa vizuri. Miguuni alikuwa na sanduku la bati lenye kona za chuma. Nililitambua mara moja, likawa kama kuona ndugu: lilikuwa sanduku la kamera.

Aliitwa Gaston. Alikuwa anatoka kupiga filamu ya wavuna chai, na yeye pia alifanya kazi peke yake, akiazima taa huku na mashine ya kukatia mikanda kule. Jamani, sikuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Tulizungumza juu ya mwanga wa asubuhi na wa jioni, juu ya mikanda inayoharibika kwa joto, juu ya kupata ukumbi wa kuonyesha filamu ambayo haina mapigano wala mapenzi ndani yake. Alisema yeye huonyesha kwenye mabwalo ya shule na kwenye matawi ya chama, popote penye umeme na shuka jeupe. Nikamweleza habari za kamati na filamu yangu ya ulezi. Nilitumia maneno makubwa niliyoyasoma vitabuni. Nilijisikia mtu.

"Na unasafiri peke yako?" akauliza.

Wakati huohuo Mama Yustina, aliyekuwa kando yangu, alikuwa ameshafungua kifuko chake. Alikuwa anakula kumbikumbi, amemimina wengine kwenye kitenge, anawagawia watoto wa abiria waliokuwa wanapiga kelele za furaha, wengine wakikimbia kwa woga. Bawa moja lilikuwa limeganda mdomoni mwake. Akacheka kwa ile sauti yake, na behewa zima likageuka. Gaston naye akageuka, akatabasamu.

"Huyu ni mama yako?"

"Hapana," nikasema. "Ni mama mmoja wa kule nyumbani. Ni mgonjwa. Nimeombwa nimfikishe hospitali."

Sijui neno "mgonjwa" lilitoka wapi. Lilitoka tu, jepesi, katika Kiswahili safi cha darasani, na Mama Yustina anakijua Kiswahili kama ninyi. Kicheko chake kikakatika. Alinitazama kidogo tu. Halafu akakusanya kumbikumbi kutoka kwenye kitenge, mmoja mmoja, akafunga kifuko. Akaegemea ukuta wa behewa. Akakohoa.

"Pole sana, mama," Gaston akasema, sura yake imebadilika. "Ni kifua?"

"Ni kifua, mwanangu," akajibu kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Gaston akainuka. Akampa kiti chake na akamwomba abiria wa pembeni asogee, ili mgonjwa apate pa kujinyoosha. Akakunja koti lake likawa mto. Yeye mwenyewe akakaa juu ya sanduku lake la bati, magoti yamegusa kidevu. Nilisema, "Hapana, Ndugu Gaston, usijisumbue," naye akasema, "Si usumbufu. Mama yangu pia alikuwa na kifua."

Safari iliyobaki ilikuwa adhabu. Kila kituo Gaston aliteremka kumtafutia Mama Yustina chai ya moto au machungwa. Makambako kulikuwa na nyama ya kuchoma yenye harufu ya kumwita mtu kwa jina, lakini Gaston akasema nyama ni nzito kwa kifua, akamletea uji. Mama Yustina alikunywa uji ule wote na kushukuru. Abiria wengine nao walianza kumwonea huruma. Mama mmoja wa Kibena alimfunika khanga yake. Watoto aliowagawia kumbikumbi wakaambiwa wasipige kelele.

Asubuhi treni ilisimama sana Mlimba. Gaston aliteremka kununua ndizi, nami nikapata nafasi. Nikainama sikioni mwa Mama Yustina.

"Mama, lile nililosema jana..."

"Usinisumbue, Mwalimu," akasema bila kufumbua macho. "Mimi mgonjwa."

DAR ES SALAAM

Pale stesheni Gaston alituaga kwa mikono miwili. Alitaka hata kututafutia gari la kutufikisha hospitali. Nikamdanganya tena kwamba kuna ndugu anakuja kutupokea. Akamwambia Mama Yustina, "Utapona, mama." Akabeba sanduku lake akaenda zake, akitembea kama mtu aliyekaa vibaya, na kwa kweli alikuwa amekaa vibaya.

Tulifikia hosteli ya kanisa. Joto lilikuwa la kuchemsha maji. Nilijaribu kumwomba radhi pale uani, karibu na bomba, lakini nilianza kwa kujieleza, nikasema unajua mama, watu wa mjini wana namna yao. Akanikatiza.

"Nitaimba. Nilikubali Mwimbi kwamba nitaimba. Mengine nyamaza."

Alikula na wapishi wa hosteli jikoni, na nilisikia kicheko chake huko, kile cha kweli. Mimi nilikula peke yangu.

UKUMBINI

Ukumbi ulikuwa na viti vya mbao na feni zilizokuwa zinazunguka kwa uvivu. Kulikuwa na watengeneza filamu wengine kutoka Tanga, Mwanza na kwingineko, kila mmoja amekumbatia kopo lake la mkanda kama mtu aliyebeba mtoto kliniki. Mbele kulikuwa na meza ya kamati. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Ndugu Zuhura, mwenye miwani na sauti kavu. Kulia kwake alikaa mzee mmoja wa mambo ya utamaduni. Kushoto kwake alikaa Gaston.

Hakuwa ameniambia kwamba yeye ni mjumbe. Pengine hakutaka nijikombe. Aliponiona alifurahi, akaninyooshea mkono. Kisha akamwona aliyesimama nyuma yangu, amenyooka, katambuga zimesuguliwa zikang'aa. Mkono wa Gaston ukashuka taratibu.

"Ndugu Mwalimu," Ndugu Zuhura akasema, "tumeambiwa filamu yako ni bubu lakini umekuja na mwimbaji."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti. Huyu hapa."

Taa zikazimwa.

Mwanzoni ilisikika mashine tu, tratra-tratra. Wanawake wa Mwimbi wakatokea ukutani, wameinua fimbo. Zikashuka bila sauti. Zikashuka tena. Nikafikiri, sasa atanilipa. Atakaa kimya, na picha itakufa mbele ya watu hawa. Moyo wangu ulikuwa umeshakubali. Ndipo akaanza.

Niliwahi kumsikia mara nyingi, lakini hakuwahi kuimba hivyo. Sauti iliujaza ule ukumbi hadi kwenye pembe. Watu wakaanza kupiga miguu sakafuni kufuata fimbo. Mtu wa Tanga aliyekaa mbele yangu alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Aisee, aisee." Walisikia mavuno. Mimi peke yangu mle ndani nilisikia maneno, na maneno yalikuwa haya: Nilitoka kwangu mzima, nikaugua kwenye treni, nikanyweshwa uji Makambako. Sikuugua mwili, niliugua mdomo wa Mwalimu. Mwalimu anaonea haya katambuga za miguu yangu, anaonea haya kumbikumbi aliolelewa nao. Piga, piga, wenzangu, makapi yamsogelee.

Taa zilipowashwa watu walisimama kupiga makofi. Ndugu Zuhura alivua miwani na kuifuta.

"Maneno yanasemaje, Mwalimu?"

Nilikuwa na nafasi. Nataka mjue kwamba niliiona, ilikuwa mbele yangu kama mlango ulio wazi. Nikasema, "Anasifu mavuno, Ndugu Mwenyekiti. Na faida ya kufanya kazi kwa pamoja."

Yule mzee wa utamaduni akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapana," akasema Mama Yustina. "Sivyo nilivyosema."

Akasogea mbele, akachuchumaa na kupiga makofi yake ya heshima, na safari hii hakuna aliyecheka. Halafu akasimama na kuwatafsiria mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili chake cha Kifipa, bila kuongeza chumvi na bila kuniangalia. Alipofika kwenye uji wa Makambako, Gaston aliinamisha uso.

"Kwa hiyo, mama, kifua..." akaanza.

"Kifua changu ndicho hicho ulichokisikia, mwanangu. Nisamehe. Nilikunywa uji wako kwa sababu ulinipa kwa moyo."

"Nilikaa juu ya sanduku tangu Mbeya," Gaston akasema polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe, na ukumbi wote ukalipuka kwa kicheko. Walicheka watu wa Tanga, wa Mwanza, walicheka wapiga mashine. Nilisimama na kopo la mkanda mkononi. Sikujua mtu hutazama wapi wakati huo, nikatazama feni.

Kicheko kilipopungua, mzee wa utamaduni akasema filamu inafaa lakini wimbo ubadilishwe, yawekwe maneno ya kuhimiza kilimo, maana filamu lazima ifundishe. Mama Yustina akamjibu kwa adabu kwamba kwenye uwanja wa kupuria hawasifiani. Anatajwa aliyekosa, ndiyo maana fimbo hushuka kwa nguvu. Wakabishana kidogo. Mwisho Ndugu Zuhura akasema kamati itaiwekea filamu sauti na nitapewa mikanda mipya. Kuhusu maneno, akavaa miwani akanitazama mimi.

"Amueni ninyi wawili, wewe na yeye."

CHUMBA CHA KUREKODI

Kesho yake tulipelekwa kwenye chumba kidogo chenye kuta zilizofunikwa magunia. Gaston ndiye aliyesimamia mashine. Alinisalimu kwa heshima, na heshima ile ilikuwa baridi. Nilimwomba radhi. Akasema, "Niombe mimi baadaye. Anza na yeye," akaendelea kuunganisha nyaya.

Nilimwendea Mama Yustina. Safari hii sikujieleza. Nilichuchumaa mbele yake pale kwenye magunia, nikapiga makofi, nikasema, "Mama, nilikukana mbele ya watu. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Washeni mashine."

Akaimba wimbo mwingine. Ulikuwa mtamu, unasifu mvua na udongo mwekundu, na ndani yake sikuwemo. Nilielewa anachofanya: alikuwa ananifunika nguo. Gaston alikuwa anatikisa kichwa kufuata, lakini niliona kwenye picha iliyokuwa ikipita mbele yetu kwamba fimbo zimelegea. Wanawake wa Mwimbi walikuwa wanapiga kama watu wanaocheza. Filamu yangu ilikuwa imerudi kuwa nusu bubu, na ningeweza kuondoka nayo hivyo, nikapata mikanda yangu, na hakuna mtu wa Sumbawanga ambaye angejua.

"Mama," nikasema. "Imba ule wa jana."

"Watu wa kwetu watausikia. Wanajua Kifipa hao."

"Wausikie."

Gaston akainua uso kutoka kwenye mashine. Mama Yustina akafunga kitenge chake vizuri, akatema mate pembeni, akaimba. Basi huo ndio mtakaousikia gari la sinema litakapokuja. Ninyi mlio wa Mbeya mtamwuliza Mfipa aliye jirani yenu, naye atawatafsiria kwa furaha.

KURUDI MWIMBI

Ya kurudi yalikuwa mepesi. Gaston alitusindikiza hadi stesheni na kumpa Mama Yustina koti lake. Kwenye treni Mama Yustina alizungumza nami, si kama zamani, lakini alizungumza. Alinionyesha milima, akaniuliza kamera inaonaje gizani. Barabara ilikuwa imekauka kiasi, na kutoka Sumbawanga tulipata gari la misheni hadi Matai, tukamalizia kwa miguu.

Mzee Sisti alikuwa uani, anachonga mpini. Alimtazama mke wake kuanzia kichwani mpaka kwenye katambuga, kisha akanigeukia.

"Umemrudisha?"

Mama Yustina akasema, "Amenirudisha. Tupe kitu cha kunywa, tumechoka."

Majirani wakaja, wanawake wale wale wa kwenye filamu, majembe bado mabegani kutoka palizi. Nikapewa kimpumu ya moto, pombe yetu ya ulezi, na mrija wake. Wakamzunguka wakimuuliza bahari ikoje, joto likoje, watu wa kule wanakula nini. Akawajibu yote, na habari zangu hakuzitaja. Halafu mmoja akasema, "Na huko uliwaimbia nini? Tuimbie na sisi."

Akanitazama juu ya vichwa vyao. "Niwaimbie?"

Mzee Sisti alikuwa ameacha kuchonga.

"Waimbie, mama," nikasema.

Akaimba. Mstari wa kwanza waliitikia bila kuelewa ni nani anayesemwa. Wa pili wakaanza kutazamana. Wa tatu wakageuka wote kunitazama, na mwitikio ukapanda, mkubwa kuliko wa Dar, maana hawa hawakuhitaji tafsiri. Mrija ulikuwa mdomoni mwangu na sikuweza kuvuta wala kuutoa. Nilitamani kuinuka niende. Nikabaki pale pale kwenye kigoda, wakanitazama usoni, mpaka wimbo ukaisha.